Uzi wa Moshi Juu ya Godoro Langu

Majina sitataja, lakini walionila kifua wanajijua. Wa kwanza ni meneja wa gesti niliyoanzia kazi hapa Mikumi. Wafuatao ni madereva wa malori waliokuwa wakivuta sigara wamelala chali kitandani. Halafu bosi wangu wa sasa. Mwenzangu tuliyetandika naye vitanda tumeshamzika kwao Zombo. Mimi nimebaki na kikohozi. Daktari kule Kilosa aliniuliza nilianza kuvuta lini, na mimi sigara sijawahi kuitia mdomoni.

Sisi wa usafi tulikuwa na dawa yetu. Mgeni akivuta, tunalowesha taulo kuukuu na kuziba chini ya mlango wake. Nililala miaka sita kwenye chumba cha mashuka, jirani na chumba cha wavutaji, nikijua taulo langu linanikinga. Nikilalamika, bosi ananiambia, "Mama, hicho kifua ni cha moshi wa kuni. Usiwasingizie wageni wangu."

Sasa bosi akataka cheti cha majengo yanayotunza mazingira, maana wageni wa mbugani siku hizi wanakiulizia. Akaja mtaalamu kutoka Dar, binti mdogo kwangu. Akaniamkia shikamoo mbele ya watu, nikaitika marahaba.

Alifunga feni kubwa kwenye mlango wa chumba cha mashuka, ikawa inavuta hewa ya ndani kuipeleka nje. Kisha akawasha kijiti chembamba kama penseli. Kikatoa moshi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Akaupitisha ukutani, uzi umesimama wima. Akapanda kwenye kiti, akausogeza pale ukuta unapokutana na silingibodi ya dari, juu ya godoro langu. Uzi ukapinda. Ukashuka taratibu kama mtu anayejua njia, ukaenda kulala kwenye mto wangu.

Hewa sikuwahi kuiona maishani mwangu, na leo ilikuwa inatembea mbele ya macho yangu.

"Ukuta unaishia hapa," binti akasema. "Huko juu ni wazi, mama. Moshi wa jirani unapanda, unashukia huku." Akatazama godoro. "Nani analala hapa?"

"Hakuna," bosi akadakia. "Ni stoo tu hii."

Nilijua nikifungua mdomo naweza kurudi kwetu na mabegi yangu.

"Godoro ni langu," nikasema. "Mwaka wa sita huu."

"Mama, umeulizwa wewe?"

"Ameulizwa anayelala hapa, bosi. Wewe unalala kwako."

Binti hakucheka. Aliandika, akamwambia bosi cheti hakipo mpaka chumba cha wavutaji kifungwe, dari ibomolewe na kuta zipandishwe hadi kwenye bati. Wanaovuta wakae nje, mbali na milango na madirisha.

Bosi hakunifukuza, alikitaka mno cheti chake. Fundi alipotoa ubao wa juu ya godoro langu, upande wa chini ulikuwa mweupe, nilivyoupaka rangi mwenyewe. Upande wa juu ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, unanata ukiugusa. Nikausimamisha ukutani. Fundi akataka kunisaidia kuutoa, nikamkatalia. Niliubeba mwenyewe, nikapita nao mapokezi alipokaa bosi, wageni wakinipisha, huku ule upande wa juu nimemwelekezea yeye.