Fagio la Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu aliniua mara nyingi sana majira yale ya baridi, na kila baada ya kuniua aliniomba chai.

Ilikuwa kwenye karata. Tunaishi South Beach, Durban, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake hufanya kazi siku inayojisikia, na goti la mama lilikuwa limevimba kiasi kwamba ngazi hakuziweza. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu. Huondoka siku nyingi na kurudi wikiendi moja kati ya mbili. Mimi nasuka nywele kwenye saluni ya mtaa wa nyuma, na Jumatatu hatufungui. Basi Jumatatu zote tulibaki wawili, mimi wa Tanga na yeye wa Bukavu, na katikati yetu boksi la karata za mume wangu, ambazo amezikusanya tangu akiwa mwanafunzi.

Nikikumbuka michana ile naikumbuka kama mtu anayesinzia. Jua la baridi liliingia dirishani likapanda ukutani taratibu, na mwanga wa bahari ukawa unacheza darini. Mama alikaa na mguu juu ya stuli, kitenge mabegani, karata zake kazikumbatia kifuani. Hakuwa mtu wa haraka. Kuna zamu moja aliyofikiria muda mrefu mpaka nikapitiwa na usingizi, nikaota, nikaamka, bado anafikiria.

Lakini kulikuwa na lile begi. Lilikaa kwenye kona ya chumba chake, la bluu, zipu imefungwa mpaka mwisho. Alikuwa ametimiza miezi minane kwetu na hakuwahi kulipangua. Alichomoa gauni, akalivaa, akalifua, akalikunja, akalirudisha, akafunga zipu. Nilimwachia nusu nzima ya kabati. Hanga zake zilining'inia tupu, upepo ukiingia zikawa zinagongana. Kila nilipomwambia, mama, toa nguo zako upumzike, alinijibu, "Bon, mimi niko mupita njia." Kanisani alinitambulisha kwa wenzake kuwa mimi ni muke ya mutoto yake. Ni kweli, siwezi kumshitaki kwa hilo. Ila kila asubuhi nilimpa shikamoo ya kwetu, kwa magoti, naye akanijibu, "Bonjour," kama anayemjibu karani.

Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo, na sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilitaka afungue begi.

Mume wangu ndiye aliyetufundisha michezo yake, tusikae tunatazamana. Boksi lilikuwa na michezo mitatu. Wa kwanza ni wa ardhi: kila zamu unaweka kipande kimoja cha ardhi mezani, na ardhi hiyo ndiyo inayowalipia viumbe wako, majitu, mbwa mwitu, malaika, ili washuke kupigana. Katika mchezo huo iko karata ya kufagia. Ikishuka, viumbe wanakufa kwa mkupuo mmoja. Lakini inadai ardhi tano, kwa hiyo mwenye nayo inambidi akae kimya akipigwa zamu baada ya zamu, huku uso wake hauonyeshi kitu. Akivumilia mpaka hapo, amekumaliza, maana kujenga upya ni kazi ya zamu nyingi.

Mchezo wa pili hauna malipo. Fagio unaweza kulishusha zamu ya kwanza kabisa, bure, na ungedhani hilo ndilo lenye nguvu kuliko yote. Wapi! Wafu wa mchezo ule hawakai kaburini. Unafagia, unajipongeza, mwenzako anawainua watatu kabla hujakunja mkono. Ni sawa na kufagia mchanga pale ufukweni.

Mchezo wa tatu ni wa vinyama vinavyosubiri zamu yao kwenye benchi, na huko hakuna fagio la maana. Unampiga mmoja, wa nyuma wanachubuka kidogo, basi. Mama aliujaribu mara mbili akausukuma pembeni. "Hii ni ya batoto," alisema. "Haiko na kufagia."

Kwa hiyo tulibaki na mchezo wa ardhi, na hapo ndipo nilipoijua tabia yake, na yangu. Mimi nikipata kiumbe namshusha. Siwezi kukaa na kitu mkononi. Nimwage wote mezani, niwaone, nijisikie tajiri. Mama alishusha mmoja, labda wawili, na mkono wake ukabaki umejaa. Halafu ardhi yake ikitimia tano, alikohoa kidogo, akaweka Fagio. Baada ya hapo mimi sina kitu, yeye ana karata tano. Nilichelewa kuelewa kwamba nguvu ya fagio inategemea sana mfagiaji amebaki na nini mkononi.

Sasa kuna jambo la lugha inabidi nilieleze. Nusu ya karata za mume wangu ni za Kiingereza, alizipata hapa Durban. Nusu ni za Kifaransa, aliletewa na jamaa zake wa Ubelgiji. Mama anasoma Kifaransa, Kiingereza hajui. Mimi ni kinyume chake. Basi tukagawana: yeye akacheza na za Kifaransa, mimi na za Kiingereza, na kila mtu akawa anamsomea mwenzake karata yake kwa Kiswahili. Tuliaminiana, na tungefanyaje?

Fagio lilikuwa la Kifaransa. Lilikuwa na picha ya uwanda mweupe, mwanga mkali, hakuna mtu. Mama alinisomea siku ya kwanza, mume wangu hayupo, kidole juu ya mstari, taratibu kama anayesoma zaburi: "Bintu byote bya adui binakufa." Vya adui. Kwa hiyo viumbe wangu walikwenda kaburini, na mmoja wake au wawili wakabaki wamesimama kwenye uwanda mtupu, wakaja kunipiga. Wiki baada ya wiki. Nilianza kuwaota. Niliota naifuata barabara ya ufukweni na viumbe wangu nyuma yangu, wazuri, wengi, halafu nikageuka nikakuta lami tupu inang'aa, na mbali kabisa mama amekaa kwenye benchi na begi lake, anasubiri chai.

Nikaamua kumtafutia dawa. Siku moja nilitoka saluni mapema nikaenda Morningside, kuna duka dogo la michezo pale juu, nitafute karata ya kuzuia Fagio. Na ndani ya kabati la kioo nikaliona lenyewe. Uwanda uleule, mwanga uleule, ila maandishi ya Kiingereza. Nikasoma. Nikarudia kusoma. Viumbe wote, ilisema. Wote, wa pande zote mbili.

Nikamuuliza muuzaji kama kuna aina nyingine, inayochukua wa adui peke yake. Akacheka. "Eish, sista," akasema, na mengine akanieleza kwa Kiingereza: kwamba fagio la hivyo kwa ardhi tano lingeuharibu mchezo, nani angekubali kucheza? Hili lina bei yake. Linachukua na vya kwako.

Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri. Marehemu bibi alisema nilizaliwa chungu kikiwa jikoni. Nililinunua Fagio lile kama ushahidi. Kwenye taxi kila tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, nilikuwa nalitoa mfukoni kulitazama, nikiwahesabu viumbe wangu waliokufa kwa uongo. Mzee mzima! Na mimi nampikia, namkanda goti kwa maji ya moto, nampigia magoti kila asubuhi! Ngazi za ghorofa tisa nilizipanda bila kupumzika.

Nikaziweka zote mbili mezani, ya Kifaransa na ya Kiingereza, ubavu kwa ubavu. "Shikamoo mama," nikasema. "Naomba unisomee tena hii."

Hakuisoma. Alizitazama zile nyanda mbili kwa muda, akavuta kitenge.

"Njia ya mwongo ni fupi, mama," nikasema, na sauti yangu niliisikia mwenyewe kuwa mbaya.

"Nilijua kusoma mbele mama yako akuzae," akajibu. Halafu akageukia dirisha, akaendelea bila kunitazama. "Mu vita banatufagiaka mara mbili. Ya kwanza Bukavu. Ya pili Uvira. Byangu byote bikaenda, bya majirani bikaenda. Na bale benye kufagia, nabo bikaenda byabo. Fagio inakuwaka hivyo, najua, haiko lazima unisomee." Akaigusa karata yake kwa kidole. "Nikasema, hapa, mu hizi karatasi tu, mara moja, byangu bibakie."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa bado na hasira, na juu yake sasa nikawa na aibu, na viwili hivyo vikikaa pamoja tumboni havikuachii nafasi ya neno zuri. Nikaenda kukoroga ugali. Jumatatu iliyofuata boksi halikufunguliwa. Mama alikaa dirishani akitazama meli zilizotia nanga nje, mimi nikapiga pasi nguo zisizohitaji pasi. Jumamosi mume wangu aliporudi, mama alimwambia, mbele yangu, kwamba goti limepona na mwisho wa mwezi angekwenda Lubumbashi kwa binti yake.

Kwa binti yake. Nililala nikiyasikiliza maneno hayo, na hanga tupu zikigongana.

Jumatatu ya mwisho nililitoa boksi mimi mwenyewe. Nikaweka chai kwanza, kabla ya kufa, nikasema, "Mama, mchezo mmoja." Akajivuta hadi mezani. Upepo ulikuwa umetulia na bahari imekuwa nyeupe, mbingu na maji havina mpaka, chumba chote kikawa kinaelea humo.

Siku hiyo alicheza ambavyo sikuwahi kumwona akicheza. Alishusha kila alichopata. Malaika, jitu la mawe, ndege wawili wakubwa, simba. Aliwapanga mstari, akawanyoosha kwa kidole wasipinde, na mkono wake ukabaki mtupu kabisa. Sijui kama alichoka au aliona hakuna tena cha kuficha. Nilimtazama anavyowatazama, nikajitambua: ndivyo mimi ninavyowatazama wangu.

Mimi nilikuwa na mbwa mwitu watatu tu, ardhi tano, na alama zangu za maisha, ambazo zikiisha umekufa, zimebaki chache. Nikavuta karata. Ilikuwa Fagio langu, la Kiingereza, ambalo kwa ubishi nililichanganya kwenye bunda langu.

Mkononi nilikuwa na viumbe wengine wawili. Ningefagia, meza ikawa nyeupe, yeye hana kitu na mimi ninao. Ningeshinda kwa haki, kwa maandishi, na muuzaji wa Morningside angekuwa shahidi wangu. Nawaambia ukweli, mkono uliniwasha.

Nikaliweka mezani. Mama akaiona picha. Kiingereza hakijui, lakini ule uwanda aliujua. Mabega yake yalishuka, akaanza kuwakusanya viumbe wake mmoja mmoja, bila kulalamika, kama mtu aliyezoea.

"Ngoja nikusomee kwanza," nikasema. Nikaweka kidole juu ya mstari, nikasoma taratibu. "Viumbe wote wanakufa. Isipokuwa wa mama wa nyumba hii."

Mkono wake ukasimama juu ya simba.

"Ni hivyo imeandikwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama." Nikawatoa mbwa mwitu wangu watatu nikawalaza kaburini.

Aliinama juu ya karata ile akaisogeza karibu na macho, akaifuata mistari asiyoweza kuisoma. "Weye," akasema, "uko muongo."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mama."

Mama alimrudisha simba mahali pake, akamnyoosha. Halafu akanishambulia na wote watano kwa pamoja, bila huruma hata chembe, nikafa, akaomba chai nyingine. Nilipokuwa jikoni nilisikia stuli ikiburuzwa, miguu yake ikielekea chumbani.

Nilipopeleka kikombe nilimkuta amekaa kitandani, begi miguuni pake, zipu imefunguliwa mpaka mwisho. Magauni yalikuwa mapajani mwake, na juu yake kulikuwa na picha ya watu nisiowajua imefunuliwa kutoka kwenye kitambaa.

"Binti," akasema, bila kuinua uso, "mu kabati yetu iko hanga ngapi?"

Nikaweka chai chini, nikaenda kuzihesabu.