Golikipa wa Akiba wa Ntobeye

Sisi tuliokulia Ntobeye miaka ile ya mpira wa majani ya migomba tunajuana hata kwa makovu. Ukimwona mtu mzima ana alama kwenye ugoko, usimuulize. Alijikwaa kwenye kisiki akiufukuza mpira ulioporomoka bondeni. Uwanja wetu ulikuwa mgongoni mwa kilima, umeinama upande mmoja, na timu iliyopangiwa kucheza kwa kupanda ilianza kuhema kabla ya filimbi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mikahawa, nasi tulipita katikati yake kwenda shule, jembe begani, dumu la maji mkononi, miguu peku, umande ukituuma vidole. Mchana tulirudi kwenye ndizi zilizopikwa na maharage katika chungu kimoja, moshi umeingia hadi kwenye ladha. Watoto wangu leo wakiwekewa maharage wanauliza kama kuna kitu kingine. Enzi zetu kitu kingine kilikuwepo, kilining'inia nyuma ya mlango, na kilikuwa fimbo.

Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha mnada na cha mpira. Mpira tuliusikia redioni kwa Kiswahili, kwa hiyo hata wazee ambao hawakukaa sana darasani, wakianza kubishana habari za timu, walihamia Kiswahili bila kujijua. Redio yenyewe ilikuwa ya Mzee Baranyikwa, fundi baiskeli aliyekaa njia panda ya kwenda kanisani. Betri zake zilianikwa juu ya bati pamoja na mihogo, zipate jua zirudishe nguvu. Jumapili baada ya misa wanaume walijazana kwake, na sisi watoto tulikaa chini kwenye vumbi, tukimeza kila jina la mchezaji kama ubwabwa wa sikukuu.

Lakini timu iliyotunyima usingizi haikuwa ya redioni. Ilikuwa yetu wenyewe, timu ya kijiji, na golini alisimama Venance, tuliyemwita Komeo. Komeo alikuwa na mbwembwe. Alidaka mpira kwa mkono mmoja, akaubusu, akaupiga mpaka ukawatisha ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya bonde. Wasichana walijua siku zake za mazoezi kuliko siku za kuteka maji.

Nyuma ya goli, juu ya gogo, alikaa golikipa wa akiba. Huyo alikuwa kaka yangu, Pius.

Pius alikuwa mrefu, mpole, mikono imemzidi urefu wa fulana. Alivaa sweta kuukuu la baba lililotoboka viwiko, na miaka yote ile sikuwahi kumwona akiingia uwanjani ila kuokota mpira. Jioni, kazi za shamba zikiisha, aliniita nyuma ya nyumba, penye ukuta wa jikoni. Mimi nilirusha, yeye alidaka. Nilirusha juu, chini, kwa hila, nikijifanya natupa kulia kumbe kushoto. Alidaka. Mama alitoka na mwiko akipiga kelele kwamba tunamkanyagia miche ya mibuni, Pius akacheka akiwa amelala chini, mpira umefichwa kifuani kama kifaranga. Mimi nilijua kaka yangu ni golikipa. Tatizo ni kwamba nilikuwa msichana wa darasa la nne, na mimi nani angeniuliza?

Walioulizana walikuwa wanaume wa njia panda. Mzee Baranyikwa ndiye aliyekuwa wakili wa Pius. Ulimi wake haukupatana na herufi l, na neno lake halikubadilika: "Gorikipa mzuri ni yure asiye na haraka. Pius anatosha. Akiba haiozi!" Aliyempinga alikuwa Masunga, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka pande za Shinyanga, mwenye mkokoteni na sauti ya kusikika hadi Murukulazo.

"Mayo!" alimaka Masunga kwa Kisukuma chake. "Akiba haiozi ikiwa ghalani. Hii yenu imekaa juu ya gogo inanyeshewa. Imeoza!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ubishi huo ulikuwa burudani yetu wakati Komeo yupo golini, maana ulikuwa ubishi wa kitu ambacho hakingetokea. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ndizi tu, aliniuliza siku moja tukichambua maharage: "Akiba maana yake nini?" Nikamwambia ni kile unachokiweka kando kwa siku ya shida. Akatikisa kichwa, akasema kwa lugha yetu, "Basi wasikicheke. Siku ya shida huja."

Ikaja. Mheshimiwa mmoja alitoa fahali awe zawadi ya mashindano ya vijiji, na tukafika fainali na watu wa Kanazi. Fainali ikiwa inakaribia, Komeo akaondoka. Kuna watu walitoka Biharamulo na habari za dhahabu, kwamba huko mtu anachimba leo, kesho anajenga. Akafunga nguo zake kwenye kitambaa, akapanda lori la mahindi, hata mama yake hakumuaga sawasawa.

Sasa ubishi ukapoteza kicheko. Ulihama njia panda ukaingia kisimani, ukaingia kwenye foleni ya kusaga, ukaingia mpaka uani kwa paroko. Wengine walitaka beki mmoja avae sweta la golikipa. Wengine walitaka kuazima mtu Rulenge na kumpa jina la kwetu. Masunga alisema bora goli likae tupu, adui ataona haya kufunga. Na Pius alikuwa hapo hapo. Alipita na kapu la kahawa, wakapunguza sauti kidogo tu. Alisalimia, "Shikamooni," wakaitikia "Marahaba," kisha kabla hajafika kona wakaendelea pale walipoishia. Jioni aliacha kuniita nyuma ya nyumba. Nilikwenda mwenyewe na mpira wangu wa majani nikamngoja. Akatoka, akaniambia kwa upole, "Leo hapana. Wataona."

Mwisho hakupatikana mwingine, wakamwachia Pius goli. Siku ya fainali kilima kizima kilijaa. Kulikuwa na harufu ya mahindi ya kuchoma na pombe ya ndizi, na fahali amefungwa kwenye mkaratusi akitafuna bila habari. Baba hakuja. Alisema ana kazi ya kukatia migomba, lakini nilimwona ameshika panga bila kukata kitu, uso kaelekeza uwanjani.

Nikwambieni ukweli ambao wengi wa rika langu wameusahau: Pius alicheza. Kipindi cha kwanza alipangua mpira uliokuwa umeshaingia machoni petu. Kipindi cha pili Kanazi walipata penalti, na kaka yangu akaruka kwenye kona ile ile niliyozoea kumdanganyia, akaudaka mzima. Masunga alitupa fimbo yake juu akasahau kuidaka. "Nani alisema huyu ameoza?" alinguruma. "Ni wewe!" watu wakamjibu, na hapo, kwa muda mfupi, kijiji kizima kilimpenda kaka yangu. Niliruka mpaka gauni likachanika.

Jua lilikuwa linaelekea Burundi na hakuna aliyefunga. Beki wa Kanazi, akitaka tu kuondoa balaa, aliupiga mpira juu bila kulenga. Ukaja polepole. Hapakuwa na mshambuliaji karibu. Pius akatoka golini, akainua mikono yake mirefu, akaita, "Wangu!" Na watu wote, waliokuwa wakipiga kelele tangu mchana, wakanyamaza. Nakumbuka kimya kile kuliko kelele zote. Mpira ukatua mikononi mwake. Nauona hadi leo, umo mikononi. Kisha haumo. Ukapita kati ya miguu yake, ukabiringika kama yai, ukavuka mstari, ukasimama.

Fahali alikwenda Kanazi.

Hakuna aliyempiga Pius. Afadhali wangempiga, yangekwisha. Alitembea peke yake kushuka kilima, watu wakimpisha kama apishwavyo mgonjwa. Baba alikuwa mlangoni, habari zimeshamfikia. Alisema, "Mwanangu, kinga mvua masika yote, watakumbuka tone lililokupita." Akampa kiti. Mama akampa chakula. Pius alikishika kijiko mpaka maharage yakapoa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nisiwaamini wanaosema zamani watu walikuwa na utu. Kisimani debe la msichana mmoja lilikuwa na tundu, akacheka akasema, "Debe langu limepiusi." Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Kufikia Jumapili paa lililovuja lilikuwa limepiusi, mfuko uliotoboka ulikuwa umepiusi, na mtoto aliyekojoa kitandani vilevile. Nilipigana kisimani, nikachanwa shavu, nikarudi nyumbani na ndoo tupu. Pius akanifuta damu, akanisihi nisirudie. "Wakiona inakuuma," alisema, "hawataacha." Ilikuwa inamuuma yeye. Hawakuacha.

Hata hivyo nadhani angevumilia. Alikuwa mvumilivu, na alikuwa bado na mtu mmoja njia panda. Siku moja alipeleka baiskeli ya baba kwa Mzee Baranyikwa kuziba pancha, nami nilifuatana naye. Wanaume walikuwepo, ubishi ule ule. Mmoja akamchokoza mzee: "Vipi wakili, akiba haiozi?" Mzee Baranyikwa aliendelea kusugua mpira kwa msasa, hakutuona tumesimama nyuma yake. Akasema taratibu, "Kwa kweri, hata mimi moyoni nirijua. Nirikuwa nabisha tu."

Pius hakuichukua baiskeli siku ile. Tuligeuka tukarudi nyumbani. Wiki haikwisha, naye akapanda lori kwenda Biharamulo, njia aliyoipita Komeo. Mama alisimama barabarani akiwa ameshika sweta lile kuukuu, ameliosha, akitaka kumpa. Pius alimrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba.

Hakupata dhahabu. Komeo naye hakupata, alirudi baadaye akiwa na kikohozi, na watu walimpokea kwa nderemo na kumwambia, "Ungekuwepo wewe!" Pius alibaki kule, akalima mahindi kwa wenyeji, akaoa, akazaa. Salamu zilikuja kwa midomo ya watu wa mnadani. Yeye hakuja, hata baba alipofariki, maana habari zilimfikia tumeshazika.

Alikuja alipofariki mama. Alishuka kwenye pikipiki mvi zimemjaa, mikono bado imemzidi urefu wa shati. Tulizika asubuhi. Mchana, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi wakila, Masunga, mzee sasa, jicho moja lina mtoto wa jicho, alijisogeza mpaka karibu yake. Nilikuwa nagawa maji, nikasikia. Naamini hakuwa na ubaya. Naamini alikuwa amelibeba jambo hilo miaka yote.

"Mwanangu Pius," alisema, "ule mpira wa Kanazi. Uliteleza?"

Benchi zima likaacha kutafuna.

"Haukuteleza, mzee," Pius akajibu. "Nilikuwa nao. Lakini mlinyamaza wote. Nikajua mnangoja niuachie."

Masunga aliweka sahani yake chini kwenye majani. Hakuna aliyebisha. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliwaona wanaume wa Ntobeye hawana la kubishia habari za mpira, na lilikuwa jambo la kutisha kuliko kelele zao. Kesho yake Pius aliondoka. Alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akasema nimtunzie kaburi la mama. Hajarudi, na mimi sitarajii tena.

Leo uwanja wetu umepandwa mikaratusi. Timu ya kijiji ilishakufa, vijana wanasema hawana muda, ingawa sijui muda huo wameupeleka wapi, maana kutwa wamelala kwenye mikeka na simu. Mwanangu wa mwisho ni hodari wa ubishi kama wa njia panda, tofauti anabisha kwa kidole gumba. Juzi alikuwa anamsaga golikipa wa akiba wa timu moja kubwa ya Dar es Salaam, anamwita gunia, anamwita mlango wa choo, na wenzake aliokuwa nao simuni wanajaza vicheko.

Nikamwambia, "Huyo ana mama yake. Labda ana dada."

"Mama bwana," akanijibu bila kuinua macho, "yuko Dar huyo. Hawezi kunisikia."

Nikamwacha na simu yake. Ni kweli hamsikii. Na msimu ukiisha watamsahau, watapata mwingine, na baada yake mwingine, magolikipa wa kuwamaliza hawataisha. Wetu alisikia kila neno, na tulikuwa naye mmoja tu.