Injini ya Rangi ya Damu ya Mzee

Jamani, aibu nimeziona nyingi, lakini ile ya kumpaka rangi baba mkwe wangu mbele ya watu wote wa Sumbawanga, tena nikiwa bi harusi ambaye hata hina ya mikono haijafutika, ile sijui niiweke wapi, na ndiyo maana naisimulia mwenyewe kabla shemeji yangu Idi hajawasimulia kwa namna yake.

Mimi nilizaliwa Tabora, baba yangu dereva wa garimoshi, kwa hiyo nilipoolewa Katandala, hapa Sumbawanga mjini, katika nyumba ya baba mkwe wangu Mzee Salehe, mwenye malori ya kupeleka abiria Mpanda wakapande treni, nilionekana kiumbe cha ajabu kidogo, maana huku juu Ufipa reli haikufika na wengi walikuwa wakiisikia tu. Basi miaka ile ya Mwingereza palikuwa na maonyesho kiwanjani chini ya boma, wakulima wa Msanzi wanaleta ulezi wao, watu wa Kabwe wanaleta samaki wao wa ziwani, migebuka mikavu, na Mzee akataka meza yake pia. Akamwambia Idi, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi bati, atengeneze injini ndogo mbili za mvuke za mbao na bati, moja ya zamani na moja ya sasa, ili watu waone lori lake linawapeleka kupanda kitu gani. Idi alizitengeneza vizuri (hilo simnyimi), magurudumu yanazunguka, bomba la moshi limesimama sawasawa. Balaa lilianzia kwenye rangi.

Idi alitaka zote ziwe kijani zenye mistari ya njano, eti zipendeze. Nami, badala ya kukaa kimya kama bi harusi mwenye adabu zake, nikafungua mdomo.

"Shemeji, za zamani zilikuwa nyeusi tii. Hizi mpya ni damu ya mzee."

"Wapi umeona injini nyekundu? Mimi nimeona picha gazetini, ni nyeusi."

"Gazetini hata twiga ni mweusi, shemeji."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee akaweka kikombe cha chai chini. "Huyu ni mtoto wa reli," akasema. "Akisema damu ya mzee, iwe damu ya mzee. Lakini mwanangu, wapo watakaokuja ambao treni wameipanda. Tusichekwe."

Nyeusi ilipatikana, Idi akaipaka ya zamani ikakauka. Damu ya mzee haikuwapo duka lolote, basi nikachukua nyekundu iliyobaki walipopaka milango, nikatia masizi ya sufuria kidogo kidogo, nakoroga natazama, nakoroga natazama, mpaka nikaiona injini ya baba yangu ikiingia stesheni, na machozi yakanilenga kwa kukumbuka nyumbani. Tatizo ikawa nzito kama ugali, na mafuta ya taa ya kuilainisha yalikuwa yamekwisha. Nikajiambia, mafuta si mafuta tu? Nikaenda jikoni, mama mkwe akanimiminia ya karanga kwa mkono wake, rangi ikateleza, ikang'aa, hata Idi akasogea kuitazama. Siku ya maonyesho asubuhi rangi ilikuwa bado mbichi, nikasema ni baridi hii ya Ufipa, jua likitoka itakauka. (Jua lilitoka.)

Sasa Mzee, kwa kuogopa mashimo ya barabarani, hakumwamini mtu na ile injini mpya, akaipakata mwenyewe kiti cha mbele cha lori, amevaa kanzu yake mpya nyeupe, sisi wanawake tukiwa nyuma tunaimba. Aliposhuka kiwanjani ndipo nilipomwona. Kifua mpaka magoti, damu ya mzee! Kwa heshima hakuna aliyemwambia, na yeye alikuwa anatazama watu, si kanzu, akaenda akiwapa mikono wazee mmoja mmoja, wazee nao wakashika ndevu zao, Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, naye akapewa mkono kisha akajishika kiuno, kwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, vidole vitano vikabaki pale.

"Hii rangi gani?" akauliza Bwana Shauri, akitazama kiganja.

"Ndiyo rangi ya kweli, Bwana!" nikapaza sauti (kwa nini, sijui mpaka leo), nikakimbia na kanga kumfuta Mzee, nikaieneza rangi zaidi, nikarudi nyuma kwa haya, nikaikalia injini yenyewe iliyokuwa imewekwa mezani. Kiwanja kizima kikaangua kicheko ambacho nadhani Msanzi walikisikia.

Nyumbani Mzee akaivua kanzu. Mama mkwe akamwambia, "Mafuta nilitoa mimi. Ukimsema yeye, uniseme na mimi." Hakumsema yeyote. Kulipokucha akakunja ile kanzu, akaitia mkobani, akapanda lori la Mpanda, nami nikajua safari hiyo ni ya Tabora, anakwenda kumwambia baba yangu aje achukue mtoto wake. Nilizikunja nguo zangu.

Aliporudi nilipiga magoti. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akaitandaza kanzu mkekani. "Nimekwenda nayo stesheni, nikaibandika kwenye injini yenyewe. Watu wakaniona mwehu, askari akataka kunishika. Mwanangu, rangi ni ileile." Kisha akamgeukia Idi. "Na wewe ukome kubishana kwa picha za gazeti."

Nikalia kwa sauti, mama mkwe akanikemea huku na yeye anajifuta macho, nikaenda kuzikunjua nguo zangu. Kanzu haikutakata, sabuni zote zilishindwa, Mzee akawa anaivaa akienda kukagua malori. Nami tangu hapo, ukiniuliza kitu fulani ni cha rangi gani, nitakwambia ukweli bila kuogopa, ila kuipaka, tafadhali, mwite fundi.