Picha Ndani ya Msalaba wa Rozari

Katikati ya msalaba wa rozari ya mama kulikuwa na kitundu, na ndani yake kipande cha kioo kidogo kuliko punje ya ulezi. Kwa macho matupu huoni kitu. Ukikiweka jichoni na kuelekea mwangani, linatokea kanisa zima na ngazi zake, Bikira Maria amesimama mlangoni. Mama alipewa na sista wa misheni ya Kilema alipokuwa msichana. Sisi watoto tulichungulia Jumapili tu, baada ya misa, na aliyesukuma mwenzake alirudishwa mwisho. Mara nyingi nilikuwa mimi.

Mama alipofariki, kina mama wa jumuiya walimvalisha, wakamfunga rozari hiyo vidoleni. Hapo nikashikwa na uchoyo, siwezi kuficha. Nilimfuata shangazi jikoni na rozari mpya ya plastiki mfukoni.

"Shikamoo shangazi. Naomba tumbadilishie. Ile ina picha."

"Marahaba. Picha umeiangalia tangu utoto. Mwenzio kasali nayo tangu ujana." Akaendelea kumenya ndizi. "Ila wewe ndiye kitinda mimba wake. Kabadilishe mwenyewe, mimi simvui."

Nikabadilisha. Vidole vyake vilikuwa vigumu na ilinichukua muda. Tukamzika kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba na mibuni, na rozari ambayo hakuwahi kuisalia hata Salamu Maria moja.

Kesho yake, kabla ya kushuka Moshi, nilisimama barazani nichungulie. Sikuona kitu. Kila nikifumba jicho la kushoto, la kulia nalo linafumba. Nikaibana sura mpaka majirani wakadhani nalia. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwahi kujifunza kufumba jicho moja, kwa sababu miaka yote mama ndiye aliyeniziba la pili kwa kiganja chake, kilichokwaruzika kwa jembe na kunukia moshi wa kuni.

Nikajiziba mwenyewe. Kanisa likatokea, safi kabisa, na sikulitaka. Nilikitaka kile kiganja, na nilikuwa nimekinyang'anya kitu chake.

Nilichuma jani la sale uani, nikaliweka juu ya udongo mbichi wa kaburi lake. Kwetu Uchagani ukipelekewa sale huna budi kusamehe. Nilikaa pale hadi basi likaniacha, nikisubiri sijui nini, maana anayepokea sale hulishika kwa mkono.