Dawa ya Babu na Njia ya Choo

Nilipomaliza fomu foo nilibaki nyumbani nikingoja chuo, na kwa sababu nilionekana sina kazi, nilipewa kazi ya kumpa babu dawa. Kila asubuhi nilivuka ua na kikombe cha chai na tembe mbili. Moja ilikuwa ya presha. Nyingine, ndogo, ilikuwa ya kutoa maji mwilini. Nilisimama mlangoni, nikamwona akizitia mdomoni na kupiga funda la chai, nikaondoka mbio. Dakika moja, imeisha. Hata nilijisifu.

Lakini presha haikushuka. Kila mwezi tulitoka kwetu Manga na boda boda mpaka hospitali, daktari akampima, akatingisha kichwa. Mimi niliogopa. Ndugu yake babu alikuwa na presha hiyo hiyo. Alianguka shambani akipalilia mahindi, akapooza upande mmoja, na babu ndiye alikuwa akimlisha uji kwa kijiko mpaka alipokufa. Sikutaka babu yangu afike hapo.

Mwezi wa tatu daktari akaandika dawa ingine juu ya zile mbili, yenye nguvu zaidi. Nikachukua karatasi nikamvuta babu mpaka dirisha la dawa. Foleni ilikuwa refu na mimi foleni siziwezi. Mfamasia wa hapo ni dada mmoja wa Pwani. Hajui Kikisii, kwa hivyo kila mtu huongea naye Kiswahili chake cha shule.

"Shikamoo, mzee."

"Mzuri sana," babu akajibu, vile sisi hujibu.

Badala ya kutupatia dawa twende, akasoma kadi yote, mbele na nyuma. "Mzee, hii ndogo unakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema. "Mimi ndio nampatia."

"Ngoja, mwanangu. Namuuliza mzee."

Mama mmoja nyuma yetu, amebeba mtoto mgongoni, akafyonya. Nilikuwa upande wake kabisa.

"Asubuhi," babu akasema.

"Na ukishakunywa, inakupeleka choo mara ngapi?"

Babu akaangalia viatu vyake. "Hainisumbui."

"Hata mara moja?"

"Hata."

"Mzee, dawa hii hata mimi nikiimeza nitakimbia. Kama haikusumbui, haijafika tumboni."

Nikapandwa na hasira. "Mimi humwona akimeza kwa macho yangu!"

"Ukiwa umeketi naye, au ukiwa umesimama mlangoni?"

Akanipa kalamu na karatasi kuukuu, akaniambia nichore boma letu, nimwonyeshe choo iko wapi. Nikachora haraka haraka: nyumba ya babu, nyumba yetu, jikoni ya mama, na choo nyuma ya jikoni. Nikachora na njia kutoka kwa babu mpaka choo. Inapita mbele ya mlango wa jikoni, hatua mbili kutoka kwa kigoda cha mama. Kabla sijainua kalamu, nilielewa.

Kwetu kuna heshima inaitwa chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawasalimiani kwa mkono, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao kabisa. Mama akikutana na babu njiani, anampisha. Na mama hukaa pale jikoni tangu alfajiri.

"Nipite mbele ya mke wa kijana yangu mara nne nikishika mshipi?" babu akasema, sasa kwa sauti. "Wageni wakikuja wakiniuliza, aseme niko choo? Saa zote?"

Yule mama wa foleni akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Na tembe unaipeleka wapi?" mfamasia akauliza.

"Naweka chini ya ulimi. Huyu mke wangu," akanionyesha mimi, maana babu na mjukuu kwetu hutaniana hivyo, "hukimbia kama ameacha maziwa kwa moto. Akigeuka tu, natema."

"Hiyo moja tu?"

"Nitajuaje ni gani inapeleka choo? Natema zote."

Miezi mitatu! Nilitaka kulia pale pale.

Mfamasia hakumgombeza. Alisema hiyo dawa mpya hawezi kuipeana kabla hajaongea na daktari, kwa sababu babu akianza kumeza zote kwa pamoja, presha inaweza kushuka vibaya aanguke. Akatoka na kadi, foleni ikanung'unika, akarudi ile ya tatu imefutwa. Mimi nilifikiri kazi ya mfamasia ni kusoma mwandiko mbaya na kupeana pakiti.

"Mama hutoka jikoni saa ngapi?"

"Saa moja, akienda kuchuma majani chai. Anarudi saa sita."

"Basi dawa ni saa moja na nusu."

"Na Sabato?" babu akauliza. Siku hiyo, Jumamosi, hatuchumi, tunaenda kanisani.

"Kanisani kuna choo?"

"Iko. Ya wanaume iko upande ingine."

"Basi meza ukifika huko."

"Nikitoka katikati ya mahubiri?"

"Mungu atakuelewa."

"Mungu, sawa. Na mzee wa kanisa?"

Tulirudi nyumbani nikachukua panga, nikakata njia ingine kupitia kwa ndizi, kutoka nyuma ya nyumba ya babu mpaka choo, ya zile siku mama hajaenda shambani. Mama akaniuliza ni ya nini. Nikasema ni ya kufikia ndizi. Akaiangalia, akarudi jikoni. Kesho yake nilikuta mtu amepanga mawe pale mteremko huteleza, na mimi si mtu wa kupanga mawe.

Tangu siku hiyo nakaa na babu mpaka anywe chai yote na kufungua mdomo nione. Inachukua nusu saa, maana yeye lazima aongee. Siku za kwanza nilikuwa nachezesha mguu. Siku hizi ninauliza maswali.

Mwezi uliofuata daktari alimpima mara mbili, hakuamini. Presha haikuwa imefika mahali anataka, lakini ilishuka. Babu akatoka pale kama amehitimu.

Sabato hiyo, baada ya ibada, nilimkuta nje na wazee wenzake watatu. "Nyinyi, hiyo tembe ya choo mnameza?" akawauliza, bila haya. Mmoja akaanza kurekebisha kofia. Mwingine akacheka, akasema yake yote iko ndani ya mkebe wa chumvi, kutoka mwaka jana.

Jumatatu tuliwapeleka wale wazee kwa yule mfamasia na boda boda mbili, babu kwa ile ya mbele.