Lugha Niliyoikana Mtoni

Mkuu wangu wa kazi aliniambia ofisini Nizwa, mlango ukiwa umefungwa, kwamba katika safari ya Misri nimo, mimi na mke wangu, lakini ndani ya meli mtu asisikie Kiswahili. Nilipaswa kukataa pale pale. Nilisema, "Inshallah, sheikh," na nikamshukuru.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mkubwa mmoja wa wizara, mtu wa kabila kubwa ambaye hajawahi kuishi nje ya Oman, alitamani kwenda kupumzika juu ya Mto Nile, kusini mwa Misri, kutoka Luxor mpaka Aswan. Matamanio yake yakawa amri kwetu. Mkuu wangu alitaka kumpendeza mkubwa. Mimi nilitaka kumpendeza mkuu, maana nafasi ya mudiri, mkuu wa tawi letu la Sur, ilikuwa wazi na jina langu lilikuwa likitajwa.

Mkuu huyo mwenyewe alizaliwa Tabora. Kiarabu alijifunza ukubwani, kama nilivyojifunza mimi niliyezaliwa Unguja; sote wawili tulikuwa Waarabu tuliorudi Oman, nchi ya babu zetu. Lakini tangu apewe meza kubwa, Tabora ilikuwa haitajwi.

"Wanatuita Wazinjibari," aliniambia kwa Kiswahili, huku akiteremsha sauti. "Wewe unataka kuitwa hivyo mpaka ufe?"

"Sitaki."

"Basi mwambie mama watoto."

Nilimwambia jioni, nyumbani kwetu Izki. Mke wangu alikuwa msemaji. Akienda kununua kitunguu, anarudi na hadithi ya nusu saa, na mwenye kuhadithiwa ni mimi. Kiarabu chake kilikuwa cha dukani.

"Kwa hivyo n'kae siku tano kama gunia?"

"Zungumza Kiarabu chako hicho hicho."

"Hicho changu, bwana, kinatosha kununua samaki. Kwa mke wa mkubwa hakifiki."

"Ni siku tano tu."

Akacheka. "Haya. Ukinikuta nimepasuka, usiulize."

Sijapata kuona upuuzi uliopambwa kama safari ile. Meli yenyewe ilikuwa hoteli iliyosukumwa majini, ikienda mwendo wa punda asiyechapwa. Watu walilala juu ya viti, bilauri za maji ya matunda mkononi, wakiwatizama wakulima wa Kimisri wanachota maji, wanakata miwa, wanaosha ng'ombe, na kusema "ya salaam" kana kwamba wale watu wamepangwa pale kwa ajili yao. Mkubwa wetu alikuwa na shamba la mitende Fanja, na sidhani kama aliwahi kusimama juani kumtizama mfanyakazi wake akifungua maji ya falaji, mfereji wa shambani. Kule alimpiga picha mkulima mmoja mpaka filamu ikamalizika.

Tukiteremshwa kutizama mahekalu, mkuu wangu alisimama kila penye nguzo akitikisa kichwa. "Hii ndiyo historia," alisema. Magofu ya Qalhat yapo karibu na Sur, na huyu huyu hakuwahi kugeuza gari kwenda kuyaona. Nami nilitikisa kichwa pamoja naye.

Siku ya tatu wakafanya karamu ya kujigeuza kwa mavazi ya kigeni. Wazungu walivaa makanzu ya Kimisri na kupaka wanja. Mkubwa alikuja na dishdasha lake, kilemba na jambia, kama anavyokwenda kwenye harusi Nizwa, na wenye meli wakampa zawadi ya mtu aliyejigeuza vizuri kuliko wote. Aliipokea kwa furaha. Sisi tulipiga makofi.

Muda wote huo mke wangu alikaa karibu na mke wa mkubwa akisema "zen, zen", vizuri, vizuri. Kila akiulizwa jambo refu, alitabasamu. Niliona taabu yake, na nilijisifu moyoni kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa juu sote. Ukingoni bibi kizee mmoja alikuwa akimwosha ng'ombe wake huku akimsemesha. Mke wangu alisema peke yake, kwa sauti ndogo, "Hata yule ng'ombe ana wa kuzungumza naye."

Nyuma yetu mtu akacheka. Alikuwa Mzungu, mwanamke wa makamo, na kitabu mapajani.

"Bibi, umetoka Unguja?" akauliza kwa Kiswahili kizuri tu.

"Ndiko nilikozaliwa. Na wewe ukakipata wapi?"

"Tanga. Nimefundisha skuli huko miaka tisa."

"Basi sogea hapa, bibi wee. N'na siku nne sijafungua mdomo, naona hata meno yameanza kushikana."

Wakaanza. Sikumbuki yote waliyosema. Nakumbuka mihogo ya nazi, na mwalimu mkuu fulani wa Tanga aliyekuwa akilala darasani. Mke wangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya. Ndipo mkubwa akageuka.

"Ustadhi," akaniambia kwa Kiarabu, "ahali yako wameipata wapi lugha hiyo?"

Mkuu wangu akatizama ndani ya kikombe chake. Nikajibu mimi.

"Kwa watumishi, sheikh. Nyumba za kule zilikuwa na watumishi wengi, na watoto wakiokota maneno yao." Kisha nikamgeukia mke wangu mbele ya wote, nikamwambia kwa Kiarabu hicho hicho, "Basi. Inatosha."

Kiarabu cha dukani kilimtosha kuelewa neno watumishi. Kiswahili alikipata kwa mama yake, ambaye hakuwa na lugha nyingine. Mama huyo ndiye aliyenikubali nilipokuja kuposa sina mbele wala nyuma. Nilimwita mtumishi ili nipate meza Sur. Na hata kama ningekuwa nasema kweli, aibu iko wapi katika maneno ya mtumishi? Hilo sikujiuliza.

Mzungu alinitizama kidogo, akachukua kitabu chake akarudi kwenye kiti chake. Mke wangu akainuka, akateremka chumbani.

Niliposhuka nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kujitetea. Nilimwuliza kama amekasirika. Akanijibu kwa Kiarabu, kilichovunjika vunjika, kwamba amechoka na anataka kulala. Nikacheka. Nikamwambia hapa hakuna mtu, sema Kiswahili. Akarudia vile vile, polepole, kama anayemjibu karani wa serikali.

Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Nafasi ya Sur nikaipata, tukahamia huko. Kiarabu chake kikanyooka. Aliwaomba wanawake wa jirani wamsahihishe. Kiswahili alizungumza na watoto, na dada yake katika simu, na wenzake waliokuja alasiri. Nilimsikia akicheka toka uani. Nikiingia, kicheko kinakatika, naye ananiuliza kwa Kiarabu safi kama nataka chai.

Nilimwomba radhi mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya mwaka, na niliomba kwa Kiarabu, mjinga mimi. Mara mbili nyingine niliomba kwa Kiswahili. Alisema Mungu akusamehe, kwa Kiarabu, akaendelea kupiga pasi.

Umudiri nilikaa nao miaka sita, kisha ukapewa kijana mwenye shahada. Mke wangu aliishi nami miaka kumi na minane baada ya mto ule. Alipougua, tulikuwa Ibra kwa binti yetu. Aliyoyataka mwishoni alimwambia binti, kwa Kiswahili, na binti akaja sebuleni kunieleza.

Meza ya Sur ilinigharimu mke wangu. Hakuondoka wala hakudai talaka. Alinipikia na kunifulia mpaka akashindwa kusimama. Lakini tangu siku ile hakuniambia tena jambo lolote la moyoni mwake, na miaka yote ile mimi sijui aliishi vipi.