Mwalimu Philomena na Kuku wa Bibi Vumilia

Mwalimu Philomena alipotuambia ofisini kwamba darasa lake la tano litaandika blogu, mimi nilicheka waziwazi. Shule yetu iko nje kidogo ya Masumbwe, umeme wetu ni wa sola, na kompyuta yenyewe ilikuwa moja, mali yake binafsi, iliyong'oka kitufe. Nikamuuliza ni nani atakayesoma habari za mbuzi wa kwa akina mwanafunzi wake Mageni. Akajibu kwamba baba yake Mageni atasoma, kwa kuwa yuko kwenye machimbo ya dhahabu na simu anayo.

Ndivyo alivyo huyu binti wa wakulima wa pamba. Ukimwambia jambo haliwezekani anaitikia "sawa", kisha analifanya. Kila Ijumaa watoto walipanga foleni na karatasi zao, wakagonga herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Aliwapa kanuni moja tu: andika ulichokiona, kisha andika uliyemuuliza. Machimboni habari zao zikapata wapenzi. Mchimbaji mmoja wa kutoka Singida, Davis, aliwasomea wenzake kwa sauti wakati wa kula, ingawa hakuwa na mtoto shuleni kwetu. Alisema watoto hawa anawaamini kwa sababu hawana cha kumuuzia.

Ijumaa moja Limi, anayelelewa na bibi yake Vumilia, aliandika kwamba walimchinjia mgeni kuku, na alipopasua firigisi akakuta vipande vidogo vya njano vinavyong'aa. Akavimwaga pamoja na maji. Akataja na kitongoji chao. Mwalimu Philomena alifurahia jinsi alivyoeleza, akaipandisha habari mtandaoni bila kuona kwamba sehemu ya kuuliza haipo.

Kwa watu wa huku, firigisi yenye punje za njano haihitaji maelezo. Kuku hadonoi chini sana, kwa hiyo kama amemeza dhahabu, dhahabu iko juujuu. Jumatatu asubuhi wachimbaji walikuwa wamelizunguka shamba la viazi la Bibi Vumilia, wana sululu na makarai. Viazi vile hukatwa na kukaushwa kuwa michembe, chakula chao cha mwaka mzima. Bibi hana shamba lingine.

Mwenyekiti wa kitongoji aliwabembeleza wasubiri kamati ikae, lakini tayari walikuwa wanapimiana mahali pa kuchimba. Bibi, ambaye Kiswahili hakijui, alizunguka akitikisa kichwa. "Nduhu," aliwaambia, hakuna kitu. Wachimbaji wakatabasamu. Mwenye shamba anayekana namna hiyo, walisema, ndiye hasa anayo.

Nilimwambia Philomena aifute ile habari haraka. Akasema wakishaona imefutwa ndipo wataamini zaidi. Akachukua kompyuta kwa mkono mmoja na Limi kwa mkono mwingine, akatoka. Niliwafuata nikiwa nimekasirika, kwa sababu nilijua shamba limekwisha.

Alimsimamisha mtoto mbele ya bibi yake. "Kazi yako hukuimaliza," alimwambia kwa upole. "Muulize."

Limi akaeleza kwa Kisukuma vile vipande vilivyokuwa. Bibi alisikiliza, akautazama mkono wake uliovimba, kisha akaingia ndani. Alitoka na kikuku cha shaba ya njano kilichokatwa. Alikivaa tangu alipoolewa, na siku za karibuni kilianza kumbana, ndipo Boaz, fundi baiskeli, akaja kukikata kwa tupa pale pale mlangoni, kuku wakiwa miguuni pake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu firigisi. Yeye hata hakuiona.

Philomena alipiga picha kikuku, akageuza kinu na kuweka kompyuta juu yake. Limi akaanza kugonga, kidole kimoja, huku shambani sululu ya kwanza ikisikika. Nilitamani kumnyang'anya niandike mimi. Philomena alinitazama tu, nikatulia.

Muda mfupi baadaye Davis, aliyekuwa miongoni mwa wachimbaji wale, alitoa simu yake. Akasoma kwa sauti kama kawaida yake, na wenzake wakasogea:

"Niliandika kabla ya kuuliza. Leo nimemuuliza bibi. Vile vipande ni vya kikuku chake, na picha yake hii hapa. Chini ya viazi vyetu kuna viazi."

Hakuna aliyecheka. Davis alimtafuta mwandishi kwa macho, akamkuta amesimama kando ya kinu.

"Wewe ndiye Limi?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba." Akaizima simu, akabeba sululu yake. "Twendeni. Mtoto ameshasema."

Mwenyekiti alikuwa amesema asubuhi nzima hadi sauti ikamkauka, asitikisike mtu. Sasa wanaume wale walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wakipita katikati ya matuta wasije wakakanyaga majani ya viazi. Nimefundisha watoto kuandika tangu ujana wangu, na sikuwahi kuona kazi yangu ikifanya jambo kama lile.

Nilimgeukia Philomena nimwambie hivyo. Yeye alikuwa ameinamia kompyuta, anasoma tena.

"Fundi hujamtaja, wala hujamuuliza," alimwambia Limi. "Nenda kwa Boaz."

Mtoto akachukua karatasi yake, akakimbia, na huko njiani wachimbaji wakasogea pembeni kumpisha.